Siku Mbili za Mama Shadrack Mjini Mpanda

Manyanda alipomwambia mkewe kwamba Ijumaa wangekwenda Mpanda mjini, wao wawili tu, walale gesti na kupumzika kama watu wa ofisini, Nyanzala alijibu, "Asante, baba Shadrack," akaendelea kupepeta. Miaka ishirini na moja ya ndoa huyu bwana hakuwahi kumpeleka hata mnadani. Leo gesti! Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Nyanzala alijua kila kitu, na hasira ilikuwa imemkaa kifuani siku ya pili sasa, wala hakutaka itoke kabla ya wakati wake.

Alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Jioni ya Jumapili alichuchumaa zizini anakamua, ng'ombe wamemziba pande zote, na nje ya boma mumewe akasimama na Telesfori, mshenga.

"Mzee Luhende na watu wake watakuja Jumamosi kuchagua ng'ombe za mahari ya binti yao," Telesfori alisema. "Sasa mkeo je?"

Manyanda akacheka. "Huyo namtoa. Nampeleka mjini akale kuku, wageni utawapokea wewe. Akirudi ng'ombe zimeshaondoka, atapiga kelele mpaka achoke."

Kuletewa mke mwenza kungemuuma, lakini hilo angelimeza. Mama yake mwenyewe alikuwa wa tatu kati ya wake watano. Kilichomchoma ni ng'ombe. Zizi lile lilikuwa na ng'ombe thelathini na nane, na kijiji chao kizima cha Kabungu kilimwita Manyanda tajiri. Tajiri wa nini? Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wanne tu. Kumi na mmoja waliingia kwa mahari ya binti yao Mariana, na kwa Wasukuma hata mtoto anajua kwamba ng'ombe wa dada ndio anaoolea kaka. Walikuwa wa Shadrack, mwanawe wa kwanza, ambaye alishapata mchumba na alikuwa anangoja tu mvua zikatike. Waliobaki wote walikuwa wa Nkwabi, kaka yake Nyanzala, aliyewaweka pale watunzwe, kama ndugu wanavyowekeana mifugo ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Mtunzaji hunywa maziwa na kupata samadi. Mwenye mali akija kuchukua, siku yoyote, haulizwi kwa nini. Na mpaka siku hiyo ifike, mtunzaji halazimiki kumweleza mgeni ni ng'ombe yupi wa nani. Manyanda hakuwa amemweleza mtu.

Basi bwana huyu alitaka kuoa kwa ng'ombe wa mwanawe, huku akijitambia kwa ng'ombe wa shemeji yake.

Jumatano Nyanzala alijitwika debe la mahindi, akaaga anakwenda mashineni. Debe akaliacha kwa jirani, akatembea asubuhi nzima mpaka kwa Nkwabi. Hakulia mbele yake, hakulalamika.

"Kaka, Jumamosi wageni wakishakaa, njoo uchukue ng'ombe zako. Na za Mariana chukua, umtunzie mpwa wako. Shadrack nimeshamwambia, atakufungulia zizi."

Nkwabi aliuliza jambo moja tu, aje na watu wangapi.

"Wengi," alisema Nyanzala.

Ijumaa watoto wadogo waliachwa kwa bibi yao, na safari ikaanza kwa baiskeli. Manyanda alikanyaga pedeli njia nzima, jasho likimtiririka mpaka kwenye mkanda wa suruali, na mkewe amekaa kwenye keria kwa raha zake. Penye mlima, mke mwenye huruma hushuka akatembea. Nyanzala hakushuka hata mara moja.

Gesti yenyewe ilikuwa karibu na stesheni ya reli, ina godoro la sponji na ndoo ya maji moto asubuhi. "Agiza unachotaka, mama Shadrack," Manyanda alisema, mkarimu kweli kweli. Naye akaagiza. Alikula kuku, akanywa Fanta mbili baridi, akauliza kama kuna kuku mwingine. Jumamosi asubuhi walizunguka sokoni, akachagua kitenge, akachagua na viatu vya kisigino ambavyo hakujua angevivaa wapi. Kila kitu kilikuwa kitamu, na utamu haukutoka kwenye kuku. Alikuwa anamla mumewe taratibu, na mumewe ndiye aliyekuwa anampakulia.

Ni studio tu ndiko nusura ashindwe. Mpiga picha aliwasimamisha mbele ya pazia lililochorwa maua, akauweka mkono wa Manyanda begani mwa mkewe. Mkono ule ulikuwa na joto.

"Hujazeeka, mayu," Manyanda alimnong'oneza.

Neno hilo la Kisukuma la kumbembeleza mke hakuwa amelisikia tangu wakiwa Maswa, kabla hawajahamia huku na mifugo. Moyo ulimlegea. Alijiona mbaya, akafikiria kama kuna lori la kumwahisha Kabungu akamzuie kaka yake.

"Na ukipata mtu wa kukusaidia kukamua," mumewe akaongeza, "utanenepa kabisa."

Basi. Moyo ukarudi mahali pake na kufunga mlango. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba. Wageni wameshakaa, alijisemea, akatabasamu mpaka mpiga picha akasema hajapata mama mwenye uso mzuri hivyo wiki nzima.

Jumapili asubuhi walikuwa uani wanakunywa supu kwa chapati, Telesfori akaingia na baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata salamu hakuimaliza.

"Mzee, mambo yameharibika. Wageni wameanza kuchagua, yule mweupe, yule wa pembe ndefu, mara shemeji yako Nkwabi huyo na wanaume wanane. Akasalimia vizuri tu. Shadrack akafungua zizi. Akatoa ng'ombe zake, akatoa na za Mariana, moja moja, anaziita majina. Mzee Luhende anatazama tu. Mwisho zimebaki nne. Akaniuliza, 'Nyie mlituita tuje kuchagua hizi?' Halafu akacheka, mzee. Wote wakacheka. Wameondoka wanacheka, na njiani wanamsimulia kila wanayekutana naye."

Manyanda aliweka bakuli chini.

"Nani alimwambia Nkwabi?"

Nyanzala alichovya chapati kwenye supu. "Mimi."

Manyanda aliinuka kwa nguvu, kiti kikaanguka, mkono ukapanda juu. Wageni wa gesti wakageuka wote. Mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda, kisha akaushusha, akakiokota kiti na kukaa. Alipozungumza sauti ilikuwa imepwaya.

"Umeniua, mama Shadrack. Na wewe umejiua. Ng'ombe nne, anayekamwa mmoja. Wale wadogo watakunywa nini?"

Hilo Nyanzala alilifikiria Jumatano, njia nzima ya kurudi kutoka kwa kaka yake. Kitindamimba wake alikuwa na miaka mitatu na hakugusa uji usiotiwa maziwa. Alimwona akilini ameshika kikombe analia, naye akakaa kando ya njia, akalia pia, peke yake, mpaka machozi yakaisha. Alijua kisasi hiki kingeingia mpaka jikoni kwake. Alikitaka hivyo hivyo.

"Watakunywa uji mkavu," alisema. "Wao, mimi, na wewe. Na kila asubuhi wakiuliza maziwa yako wapi, utawajibu wewe, baba yao. Mimi nitakaa pale pale, nasikiliza."