Kopo Lililolala kwenye Friji la Jaman

Mvua za mwaka jana ziliangusha kona ya ghala letu, na tope likazoa mbegu za bangi za mama, zile nyeupe alizorithi kwa mama yake. Hapa Dhurka, kijijini kwetu milimani, kila nyumba hupanda bangi, kwa mbegu za chatini na nyuzi za kamba, ila bangi zao ni fupi. Ya mama hupita paa. Katika mshono wa gunia kuukuu alipata punje chache, akazipanda nyuma ya nyumba. Zikaota mbili tu: dume na jike.

"Mungu ametubakizia mume na mke," mama akasema. "Wasipozaa hawa, imekwisha."

Kisha mbuzi wa jirani akamla jike kichwa. Alichipua upya, lakini akabaki nyuma. Dume hakumngoja, akaanza kuchanua.

"Bwana harusi kafika, bibi harusi bado anaoga," nikamtania mama.

"Basi tutamtunzia."

Sijaona mikono kama ile. Alisubiri umande ukauke, akakata matawi ya dume, akayaning'iniza juu ya sinia katika chumba kisicho na upepo. Mdomoni alijifunga kitambaa, asije akapiga chafya. Chavua ilipodondoka, vumbi la njano, aliichekecha, akaichanganya na unga wa ngano uliokaangwa ukapoa, akaigawa makopo mawili. Kila kopo alitia kifuko cha mchele uliokaangwa ili unyonye unyevu, akaziba mfuniko kwa nta. Moja lilibaki ghalani penye baridi. Lingine nililipeleka dukani kwa Jaman, kwenye friji lake la aiskrimu.

"Dada Hansa, hii ni dawa ya mapenzi?" Jaman akauliza.

"Ndiyo, ila wewe huna bahati."

Jike naye mama alimvisha mifuko ya kitambaa, asipate chavua ya bangi za majirani.

Nywele nyeupe za maua ya jike zilipochomoza, mama alimimina kopo la ghalani kwenye sinia, akaingia ndani kutafuta brashi. Kwetu mbegu haiguswi bila kunyunyiziwa maji matakatifu ya mto Ganga. Wifi yangu Gopuli, ambaye kaka yangu alimwoa majira ya baridi, ana moyo wa ibada kutushinda sote. Alileta chupa ya madhabahuni, akafumba macho, akanyunyizia sinia.

Mama alitoka akakuta vidonge kama vya ugali. Chavua ikilowa, imekufa.

"Wifi, umebariki maiti!" nikaropoka.

"Hansa, funga domo lako," mama akasema.

Gopuli aliikumbatia chupa yake. "Mama, nilitaka Mungu awe nasi."

"Najua, mwanangu. Na yupo. Hansa, kimbia kwa Jaman."

Nilirudi na kopo baridi kama jiwe la mtoni. Gopuli akanyoosha mkono alifungue, mama akamshika.

"Bado. Ukilifungua na baridi yake, hewa italitia jasho ndani, na hii nayo tutaizika. Kaa hapo, uombe."

"Niombe mpaka lini?"

"Mpaka kopo lipate joto."

Gopuli aliliweka mapajani akaomba. Alimtaja Mama Nanda, mungu wetu wa kike wa mlimani, akawataja wazee wa mama, hata yule mbuzi akamwombea msamaha. Mimi niliyezoea kusali huku nawaza chakula, siku hiyo nilisali kweli. Mama hakutuharakisha. Mara kwa mara alilishika kopo, akaligusisha shavuni mwake, akalirudisha.

"Haya," akasema mwishowe. "Fungua."

Vumbi lilikuwa kavu, la njano, jepesi. Mama alivua mifuko, akalipaka kila ua kwa brashi kama anayempaka mtoto wanja, akaifunga tena.

Baridi ilipoanza kushuka mlimani, alipekecha tawi la kwanza viganjani. Mbegu zikamwagika, nyeupe, zimejaa.

"Tukaange hata kidogo za chatini," nikasema, nikachapwa mkono.

Zote alimkabidhi Gopuli azitunze. Gopuli hakuzipokea mara moja. Kwanza alifuta viganja vyake kwenye ushungi, akavigeuza juani, akavifuta tena.