Oya, Afande

Kikundi cha wanajeshi wastaafu waliorudi na kiwewe cha vita kilikutana kila Jumatano katika stoo ya hospitali, katikati ya vitanda vilivyovunjika miguu. Wanaume sita, viti vitano. Theonest, koplo mstaafu, alifika wa mwisho, maana alikuwa ametembea kwa miguu tangu alfajiri kutoka kijijini kwake, ng'ambo ya Kitahana, kwa hiyo akakalia ndoo iliyopinduliwa. Suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini. Hakuna aliyempa pole. Wote walikuja hivyo hivyo.

"Leo ni mara ya mwisho kabla ya kesi ya Theonest," alisema Shamsi, afisa ustawi wa jamii, binti wa Tanga aliyepangiwa kazi huku milimani na kuletewa kila mtu aliyezishinda ofisi nyingine. "Tuseme mimi ndiye hakimu. Baba Rosa, simama."

Theonest akasimama.

"Ulimshambulia mtendaji wa kijiji, ukamvunja mkono. Ni kweli, si kweli?"

Visigino viligongana vyenyewe. "Ndiyo, afande!"

Saidi, aliyekuwa dereva wa malori jeshini, alicheka hadi akakohoa. "Oya, mwanangu! Utafungwa bure!"

"Saidi, hapa si kijiweni, hatuitani oya," Shamsi alimkata. Akamgeukia Theonest, uchovu ukiwa wazi katika sauti yake. "Mimi si afande, baba Rosa. Na wewe hukumshambulia mtu. Niambie tena ulifanya nini."

"Nilimkinga."

Na kweli alimkinga. Siku ya mkutano wa kijiji alikuwa amesimama kuuliza kwa nini shamba lake la bondeni limepimwa na kupewa mfanyabiashara wa mjini. Kabla mtendaji hajajibu, tairi la bodaboda likapasuka barabarani. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Theonest arudi kutoka vitani Kongo, lakini mwili wake ulikuwa bado haujarudi. Alimrukia mtendaji, akamlaza chini, akamfunika kwa kifua chake huku akipiga kelele, "Lala! Lala!" Mkono ukavunjika chini ya uzito wa mtu aliyetaka kumwokoa. Jioni ile polisi wakaja. Mtendaji alikuwa amewaambia kwamba amepigwa kwa ajili ya shamba.

Mahakamani shtaka liliposomwa, Theonest aliona meza ndefu na bendera, akajibu "ndiyo" kama alivyomjibu kila mkubwa kwa miaka kumi na minane jeshini. Ikaandikwa kwamba amekiri. Hakimu wa siku ile, mzee mwenye subira, aliona jinsi visigino vyake vilivyogongana. Akaahirisha adhabu, akampeleka kwenye kikundi, akaagiza iletwe taarifa ya ustawi wa jamii. Kisha akahamishwa. Wenye subira hawachelewi kuhamishwa.

Shamsi alikuwa amekwisha kumweleza mara nyingi: kabla adhabu haijatolewa, mtu anaweza kuomba kubadili jibu lake. Neno moja tu. Asipolisema ni jela, na akiwa jela, nani atasimama bondeni kulitetea shamba? Mkewe, Vestina, alikuwa ameshaviona vigingi vya wapimaji katikati ya mihogo yake.

"Sema hapana," Shamsi alisema.

"Ha..." Neno likaishia hapo. Jasho lilimtoka puani.

"Mbona nyumbani unakataa mambo? Mama Rosa ameniambia wewe ni mbishi."

"Nyumbani nakataa kwa Kiha, dada."

"Unasemaje?"

Mvua ilianza kupiga mabati kama risasi. Wanaume watatu wakashika vichwa vyao. Theonest hakushika. "Oya," alisema polepole. Kisha tena, kwa sauti, "Oya! Oya!" Kiswahili alikuwa amekikomazia kambini, na huko neno la kukataa hakufundishwa. Kiha alikinyonya kwa mama yake, na mama yake alikuwa mwanamke wa kukataa.

Shamsi alicheka huku akijifuta macho. Alasiri ile ile aliandika taarifa: mshtakiwa ana kiwewe cha vita, humjibu "ndiyo" mkubwa yeyote bila kukusudia, apatiwe mkalimani wa Kiha. "Nitakuwepo mwenyewe," alimwahidi. "Nitasimama karibu yako."

Jumatatu hakuwepo. Gari pekee la ofisi lilikuwa limekwenda Kasulu kupokea wageni wa warsha ya afya ya akili, na mkuu wake alimtaka akapange viti. Taarifa ilibaki juu ya meza ya mkuu ikisubiri saini, na mkuu mwenyewe alikuwa ndani ya gari lile lile. Shamsi, naye akiwa ndani ya gari hilo, alimpigia Vestina simu kutoka njiani.

"Mama Rosa, nisamehe. Mwambie aseme lile neno, halafu aombe mkalimani."

Vestina alitaka kumtukana. Akakumbuka kwamba huyu ndiye mtu pekee aliyewahi kuwaandikia kitu. "Haya, dada," alisema.

Hakimu mpya alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, wiki yake ya pili. "Taarifa ya ustawi iko wapi?" aliuliza.

"Bado, mheshimiwa," karani alijibu.

"Miezi mitatu? Mahakama haitasubiri tena." Akainua macho. "Mshtakiwa, ulikiri kosa. Bado unakubali kwamba ulimshambulia mlalamikaji?"

Theonest alishika ukingo wa kizimba. Neno lilikuwa mdomoni tangu Kitahana. Alikuwa ametembea nalo njia nzima. Visigino vilitaka kugongana, akavitenga kwa nguvu.

"Oya!"

Lilitoka tumboni, kwa sauti ya paredi. Kwenye benchi la nyuma Vestina alifumba macho kwa furaha. Amelisema!

Hakimu akaweka kalamu chini. "Umesemaje?"

"Oya!"

"Unaniita mimi oya? Unadhani uko kijiweni?"

Karibu wote waliokaa kwenye mabenchi walijua maana ya neno lile. Askari wa mlangoni, Muha wa Buhigwe, alijua. Karani, ambaye asubuhi ile alimsalimia mama yake kwa Kiha kwenye simu, alijua vizuri kabisa. Alifungua mdomo, akamtazama hakimu, akaufunga. Akaanza kunyoosha karatasi ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

Vestina aliruka juu. "Mheshimiwa, anakataa! Kwetu oya ni..."

"Mama, kaa chini!" askari alifoka. Kisha akamwinamia, akarudia maneno yale yale kwa Kiha, kwa upole, kama mtu anayemwomba radhi.

"Nakuuliza mara moja tu," hakimu alimwambia Theonest. "Unakusudia kuidharau mahakama hii?"

Theonest alijua jibu. Alilitafuta lile neno, lakini lilikuwa limeshamgombanisha na mkubwa, na halikutaka kurudi. Maneno ya kuomba mkalimani hayakuja kabisa. Alimtazama karani. Karani alikuwa akitazama karatasi.

"Nimekuuliza!"

Visigino vikagongana, vikasikika hadi kwa watu waliokuwa wakisubiri nje.

"Ndiyo, afande!"

Hilo karani alilisikia vizuri. Akaliandika, halikuhitaji mkalimani.