Udongo wa Nyuma ya Jiko

Nyinyi mnaotumwa na watoto wenu kuchukua udongo wa kupimwa, nisikilizeni kabla hamjachota.

Binti yangu, kitindamimba, alipewa shamba la mteremkoni na baba yake mkubwa, kaka wa marehemu mume wangu. Alipewa kwa msimu mmoja. "Ukivuna vizuri, ni lako. Usipovuna, linarudi kwangu," shemeji alimwambia. Binti alikuwa na mimba ya miezi saba. Akasema hapandi kwa kubahatisha, atapeleka udongo maabara kwanza.

Bwana shamba alimwelekeza: tembea shamba zima, chimba mahali kumi na tano, changanya kwenye ndoo safi, ndipo ujaze mfuko. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha, mteremko unateleza kama sabuni. Mimi moyoni nikamwona ameshaanguka kabla hata hajatoka mlangoni.

"Kaa, nitakwenda mimi."

"Mama, na magoti hayo?"

"Magoti haya ndiyo yaliyokulea. Lete ndoo."

Nilifika nyuma ya jiko, nikautazama ule utelezi, nikainama pale pale. Udongo ni udongo, nilijiambia. Kumbe pale ndipo ninapomwaga majivu ya kuni, mwaka wa ishirini sasa.

Karatasi ya majibu ikarudi: potasiamu, ile iliyojaa kwenye majivu, ipo tele, usiongeze. Binti akafurahi, akatia mbolea nyingine, ya potasiamu akaiacha.

Mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yakaanza kuungua kingo, manjano kisha kahawia, kama yamepitishwa motoni. Bwana shamba akaja, akakuna kichwa. "Ningesema ni njaa ya potasiamu. Ila karatasi inakataa. Tusubiri mvua."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimemshikia bilauri ya maji. Nilijua. Nikasema, "Karibu maji." Basi.

Upepo ulipokuja, mabua yalilala kama mkeka. Yaliyosalia yakatoa mahindi yenye mapengo kama kinywa cha ajuza. Hata gunia la pili halikujaa. Shemeji akafika shambani, akacheka. "Haya, msomi wangu, sasa tutasaga karatasi?"

Binti akainamisha kichwa, kichanga chake kifuani. "Nisamehe, baba. Sijui nilikosea wapi."

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Shemeji, shamba lako halikupimwa. Nilichota nyuma ya jiko, kwenye majivu yangu."

Kicheko kikamkauka. Aliyatazama mabua, akamtazama mtoto. "Nusu ya chini abaki nayo. Ya juu naichukua. Ahadi ni ahadi, shemeji."

Alipoondoka, binti aliniuliza kwa sauti ya chini, "Siku ile bwana shamba anakuna kichwa, mama, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwanangu. Niliogopa utanikasirikia."

"Mahindi yalikuwa bado madogo. Ungesema siku ile, ningewahi kuongeza mbolea."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda mteremko hadi ile nusu ya juu, akaanza kung'oa mabua ili alirudishe shamba likiwa safi. Nami nikaanzia upande wa pili. Tuling'oa mpaka tukakutana katikati.