Kopo la Tembo

Ofisi ya wageni kisiwani ilikuwa na makopo manne ya maziwa ya unga juu ya rafu, kila moja na jina lake: nyati, kiboko, chui, tembo. Mwongozaji akirudi na wageni, alitia kokoto moja kwenye kopo la kila mnyama waliyemwona. Mwisho wa mwezi karani aliyamwaga, akahesabu, akaandika ubaoni kwa chaki ni safari ngapi kati ya kumi zilizobahatika. Nyati saba. Kiboko nne. Chui moja, tena kwa kubembeleza. Tembo sifuri, mwaka nenda mwaka rudi, hata kopo lake likageuzwa la kuwekea vijiko vya chai.

Karani huyo, ambaye wenzake walimwita Dada Makopo, hakuwa na ugomvi na vijiko. Kilichomuuma ni baba yake. Miaka ishirini na sita nyuma mzee alikuwa askari wa wanyama hapo hapo kisiwani, akaandika kitabuni kwamba ameona tembo. Alikuwa peke yake, na sheria ya makopo ilikuwa moja: kokoto haiingii mpaka mnyama awe ameonwa na watu wawili. Wakamcheka mpaka akastaafu. Hadi leo akipita wanasema, "Mzee Mkonga huyo!" naye hujifanya hasikii, huku mkono ukipapasa mfuko wa shati.

Sasa Mkuu wa kituo alikuwa ameagiza kibao kipya cha bati, cha rangi, kisichofutika kwa kitambaa. Mchoraji angekuja Ijumaa.

"Wanyama watatu wanatosha," Mkuu alisema. "Tembo tumtoe, tusidanganye watu."

"Kwa hiyo baba yangu ni mwongo?"

"Dada Makopo, sijamtaja mzee wako mimi. Nimetaja sifuri. Na sifuri unaiandika wewe, kwa mkono wako."

Dada Makopo akatazama chaki vidoleni mwake. Kweli, mkono ulikuwa wake.

Nyumbani alimweleza baba yake. Mzee, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemwachia vivuli tu, alicheka kwa pua. "Waache wapake. Chumvi yote niliyokula, kibao cha bati kitanifanya nini?" Lakini sahani aliirudisha na nusu ya chakula, na huyo ni mtu ambaye hata msiba haukuwahi kumfunga mdomo. Binti aliumia vibaya sana.

Kesho yake alikwenda kabatini akachimbua kitabu cha zamani, akapata maneno ya baba yake: "Saa nne asubuhi. Bamvua. Nyuma ya kisiwa, penye mikoche. Tembo dume mmoja, amelowa mpaka tumboni."

Amelowa? Dada Makopo akasoma tena. Mtu anayetunga uongo hasumbuki kumlowesha tembo.

Akavuta kitabu cha safari cha mwaka huo, kidole kikishuka kwenye safu ya saa. Boti haikuweza kufika gatini bila maji ya kutosha, kwa hiyo wageni wote, kila siku, walikuja maji yakiwa yamejaa. Na siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mchanga unatokea kuelekea bara? Hakuna boti, hakuna mgeni, waongozaji wanafua nguo na kucheza karata. Nyuma ya kisiwa haendi mtu.

"Loo!" akasema peke yake. "Miaka yote hii nahesabu bahati ya boti!"

Akamkimbilia Mkuu. "Alhamisi ni bamvua. Kama tembo huvuka kutoka bara, ni siku kama hiyo. Twende mimi, wewe na baba. Tukimkosa, tembo nitamfuta mwenyewe, na vijiko nitaviosha mwaka mzima."

"Mwaka mzima?" Mkuu akacheka. "Haya, ngoja nitafute viatu."

Alhamisi mzee aliwaongoza, mkono begani kwa bintiye, akinung'unika. "Kulia. Kulia nimesema! Au na wewe una mtoto wa jicho?" Walipofika kwenye mikoche bahari ilikuwa imeondoka, umebaki mkondo mmoja tu katikati ya mchanga. Saa nne ikafika. Saa nne na nusu. Mkuu akatazama saa yake mara ya tatu.

"Maji hayajarudi," mzee akasema. "Na nyinyi msirudi."

Ndipo Dada Makopo alipoona kitu cheusi mkondoni, akadhani ni mwamba, mpaka mwamba ukainua mkonga. Dume kubwa likapanda mchanga likichuruzika maji, likaja kufuata makoche yaliyodondoka chini ya mikoche, taratibu, kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba.

"Mama yangu wee!" Mkuu akanong'ona, akakaa chini.

"Yupo?" mzee akauliza.

"Yupo, baba." Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka.

"Amelowa?"

"Mpaka tumboni."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Ofisini Mkuu alimwaga vijiko mezani kwa mkono wake mwenyewe, akaokota kokoto, akamshikisha mzee. "Shikamoo, mzee wangu. Na unisamehe. Itie wewe."

"Marahaba. Lakini hii ni yenu, nyinyi ndio mmeona. Mimi leo nimesimuliwa." Akairudisha. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kokoto nyingine, iliyolainika kwa kupapaswa. "Yangu ni hii, ya siku ile. Sijui sheria inasemaje, maana shahidi bado ni mmoja."

Mkuu akamsogezea kopo. "Shahidi wa pili amekuja leo, mzee. Amelowa."

Mzee akatafuta mdomo wa kopo kwa vidole, polepole, na bintiye hakumsaidia. Kokoto ikalia ndani ya kopo tupu. Kisha mkono wake ukarudi mfukoni kwa mazoea, ukapapasa, haukukuta kitu.