Ekipe Yenye Haijashindwaka

Balinichagua kapitene juu ya mudomo wangu. Siku institut yetu ya Butembo ilikubali bibinti bakuwe na ekipe ya handball, tulikutana kumi na mbili mu auditoire, chumba cha masomo. Coach Melchior, assistant wa institut mwenye alichezaka football zamani, akauliza nani anaweza kusemea bengine. Mimi Séphora, mwaka wa tatu ya droit, masomo ya sheria, nilikuwa nimekwisha kusimama. Kama angeuliza nani anajua kushika mpira, ningebaki nimeikala mpaka leo.

Mpira wenyewe tulikuwa nao moja, tena wa volley. Goli tulichora na chaki ku ukuta ya bibliothèque. Directeur alitusifu sana, kisha akasema feza yote ya michezo imekwisha kuingia mu football ya bavulana, donc tutafute mutu wa nje wa kutusaidia. Coach akaniangalia. Mangaribi ile ile nikaandika barua.

Ilikuwa kurasa mbili za Kifaransa, na ndani yake niliweka maneno niliyopenda kupita yote: équipe invaincue à ce jour, ekipe yenye haijashindwaka hata siku moja. Keren alisoma pale, akarudilia kusoma. Keren anasomaka agronomie, ni mutoto wa balimaji ba Kasugho. Kati yetu sote ni yeye tu alijua kucheza kweli, na kwa siku hasemake maneno mingi.

"Séphora, hatujacheza na mutu."

"Basi nani ametushinda?"

Akanirudishia barua. Mimi nikafikiri nimemuweza.

Tulizunguka na ile barua kwa bacommerçants batano ba Butembo. Wa kwanza aliahidi kutuombea. Wa pili aliisoma mpaka mwisho, akasema Kifaransa ni kizuri, akauliza kama naweza kumuandikia ingine juu ya kesi ya kiwanja chake. Nikamuandikia. Wa tatu alifikiri tuko chorale, akatupatia bitambaa byeupe bya kichwa, kumi na mbili. Tukabipokea, tukamushukuru, na mimi sikumurekebisha. Babiri ba mwisho balikuwa mu safari, hata ule mwenye tulimuona ku dirisha.

Coach ndipo alikumbuka rafiki yake Lukman, shofere wa Fuso ya Mama Hadjara. Mama Hadjara ni mufanyabiashara wa Beni. Ananunuaka kakao ya balimaji ba Mabalako, anaikausha, anaiuzisha. Lukman alisema ni mama mwenye moyo, mais hapendi maneno mingi. Coach akanituma mimi. Nafikiri hakukuwa mutu mwingine mwenye nguo ya kutokea.

Tulifika ku Beni na Keren kwa taxi, tukamukuta Mama Hadjara mu dépôt, ghala yake ya kakao, ameikala mbele ya kiroba kimefunguliwa. Nilimusalimia, nikamusomea barua yote, nikamutafsiria yote, kisha nikaongeza mambo yenye haikuwa mu barua. Nilisema juu ya heshima ya mwanamuke, juu ya Kivu, juu ya Afrika. Wakati nasema alikuwa anachukua mbegu ya kakao moja moja, anaikata na kisu kidogo, anaangalia ndani. Nilipofika ku Afrika, alikuwa na kimulima cha mbegu zimekatwa ku magoti.

"Mutoto yangu," akasema, "mimi sinunuake kakao juu mutu ameisifu. Nakata, naangalia. Hiyo ekipe yenu, muilete jumamosi. Bamama ba dépôt batacheza nayo."

Nikageuka kuangalia bamama ba dépôt. Balikuwa kama kumi, banachambua kakao ku maturubai. Mwenye aliitwa Mama Godelive alikuwa anapita na kiroba kizima ku kichwa, miguu chini, anabishana na mwenzake juu ya bei ya sombe. Umri wake ulikaribia wa mama yangu.

Mu njia ya kurudi nilimuambia Keren tutakuwa na shida moja: namna ya kubashinda bila kubapatisha haya.

"Uliona mikono yao?" Keren akauliza. Basi.

Jumamosi asubuhi Lukman alitupitia na Fuso yenye ilikuwa inarudi Beni bure, bila muzigo, tukapanda nyuma juu ya biroba bitupu. Tulikuwa tumefunga bile bitambaa byeupe, kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kufanana. Ku barrière, askari moja alimuuliza Lukman tunaenda kuimba wapi. Nikatumia safari kuwapanga benzangu. Niliwaambia tusipite mabao kumi, juu hawa ni bamama zetu.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya dépôt, kimefagiliwa vizuri, na magoli ya miti. Hiyo ilipaswa kunistua. Mutu hafagie kiwanja cha handball kama hachezake handball. Nilikuja kujua kisha kwamba balikuwa banachezaka pale kila dimanche mwaka wa sita sasa, na kwamba Mama Godelive alichezeaka jimbo wakati alikuwa msichana.

Mpira wa kwanza aliotupa ulipita karibu na sikio yangu. Sikuuona, niliusikia. Wa pili nilijaribu kuuzuia na kifua, nikaikala chini. Mama Godelive akaja kuniinua na mukono moja, akanipangusa mavumbi, akaenda kufunga tena. Mu mapumziko balikuwa na kumi na moja, sisi moja, ya Keren.

Kipindi cha pili nilipata mpira. Sijui namna gani, nafikiri ulinipiga. Nikainua kichwa, nikaona Mama Godelive anakuja, nikakimbia. Nilikimbia vizuri, wallahi sijakimbiaka vile, nikapita bamama babiri, nikapita mustari, nikapita maturubai ya kakao, nikajikuta karibu ya choo. Lukman, mwenye alikuwa arbitre, alipiga filimbi mara tatu ndipo nikasimama. Mutu mwenye anashambulia anakimbiaka kuelekea goli. Mimi nilikuwa natoroka.

Ilikwisha ishirini na tatu kwa ine. Tatu ni za Keren. Ya ine ni yangu, na niliifunga wakati golikipa wao alikuwa ameenda kunyonyesha mutoto mwenye alikuwa analia. Nilishangilia. Ni hiyo inanichoma zaidi.

Kisha mchezo, Mama Hadjara akaniita mbele ya bote.

"Barua ilisema hamujashindwaka."

Nilikuwa na jibu. Mwanafunzi wa droit hakosake jibu. Nilikuwa na neno "amical", mchezo wa kirafiki tu, tayari ku ulimi. Lakini nikaona Keren, anatoka damu ku goti, anapumua kwa nguvu, na hakuniangalia kwa hasira. Alikuwa anangoja tu.

"Mama, ilikuwa mara ya kwanza tucheze," nikasema. "Na mimi sijui kucheza. Mwenye kujua ni huyu."

Mama Hadjara hakucheka. Akamugeukia Keren. "Munakosa nini?"

"Mipira mbili ya handball," Keren akasema. "Na mutu wa kutufundisha."

Maillots, nguo za kucheza alizokuwa ametayarisha, za kijani, akawapatia bamama ba dépôt, kwa sababu ndio balishinda. Sisi tulipata mipira mbili, na ruhusa ya kupanda Fuso kila jumamosi yenye inarudi bure, kuja kufundishwa na Mama Godelive. Mu njia ya kurudi, nikamuambia Keren akuwe kapitene. Akasema sawa. Nilikuwa nimetayarisha sababu ine. Hakuuliza hata moja.

Nilifikiri sasa nitabaki secrétaire wa ekipe, ku kivuli, na kalamu. Jumamosi yenye ilifuata Mama Godelive hakuona tofauti ya secrétaire na muchezaji. Alitubebesha biroba bya nusu, kutoka maturubai mpaka mulango wa dépôt, mara kumi, mbele ya kugusa mpira. Ku mara ya saba nilienda nyuma ya ukuta kutapika. Niliporudi bengine balikuwa banakunywa maji. Nilitumaini amenisahau.

"Bado tatu, mwanangu," akasema, bila ukali, akasimama kando yangu mpaka nikamaliza. Kisha akaniwekea mpira mu mukono, akanigeuza mabega kuelekea goli. "Sasa tupa."

Nikatupa. Golikipa alikuwa na mutoto ku mugongo, akaudaka na mukono moja kama mutu anapokea sabuni. Lakini ulifika.

"Tena," Mama Godelive akasema.