Kuku Wasiopanda Tena Basi

Zablon alianza kuchuuza kuku kabla ndevu zake hazijaota mvi. Alinunua kuku wa kienyeji huko Chemba, akawaleta kwake Nzuguni, Dodoma, kisha Mbwana, mpakiaji mizigo wa stendi, akawapandisha juu ya mabasi ya Dar es Salaam wakiwa ndani ya matenga. Walifika jioni wakiwa hoi, wengine wamekwisha kukata roho, na lawama zikamrudia Mbwana.

"Wewe Mrangi, unawanong'oneza nini kuku wangu hata wanajifia?" Zablon alikuwa akimwuliza.

"Wamefikiria sura ya mwenye mali," Mbwana alikuwa akimjibu.

Walipendana hivyo, kwa masimango na chai ya asubuhi, na hakuna aliyewahi kulitamka.

Treni ya umeme ilipoanza, mambo yakageuka chapuchapu. Abiria wakahama, mabasi yakapungua. Evelina, mteja mkubwa wa Zablon mwenye mgahawa Kariakoo, akapiga simu: "Kaka, nakuja na treni ya asubuhi, nageuza jioni hiyohiyo. Nataka kuku waliochinjwa na kusafishwa, niwatie kwenye barafu. Ukiweza, kila wiki ni wewe. Ukishindwa, natafuta mwingine."

Siku hiyohiyo Mbwana naye akaja kuaga. Stendi hailipi tena, anarudi kwao Kondoa kulima. Zablon roho ilimuuma sana, lakini mdomo wake mkaidi ukasema, "Nenda. Nani kakushika?" Mwanamume mzima, ananuna kama bi harusi aliyenyimwa soda! Wakaachana vibaya.

Ndiyo maana siku ya Evelina, kwa kiburi tu, Zablon akashika kisu mwenyewe. Mkewe Penina akamwuliza, "Baba Jordan, humwiti Mbwana aje achinje?" Akajibu, "Kwani kisu kina mwenyewe?" Wakanyonyoa, wakasafisha, wakajaza mabeseni. Evelina akafika na maboksi yake ya barafu, akasifu kazi, kisha akauliza: "Nani kachinja?"

Zablon akatazama viatu vyake. Angeweza kudanganya. Evelina mwenyewe ni Mkatoliki, asingejua. Lakini wateja wengi wa mgahawa wake ni Waislamu, na tangu Zablon azaliwe, hata kuku wa Krismasi nyumbani kwao huchinjwa na jirani Mwislamu, ili atakayepita asikose kula.

"Nimechinja mimi," akasema.

Evelina akafunika maboksi. "Basi hawa si wa mgahawani kwangu. Treni yangu ni jioni, kaka."

Kuku wengine walikuwepo bandani. Aliyekosekana ni mtu wa kuchinja, Mwislamu kama Mbwana. Zablon akakimbia hadi chumba cha Mbwana, akamkuta anafunga godoro kwa kamba.

"Nimechinja mwenyewe," akasema akihema.

Mbwana akautazama ule mkono wenye damu. "Mzee wazimu wewe! Kwa hiyo umekuja kwa sababu ya kuku."

Zablon akatafuta utani, akaukosa. "Kuku ni kisingizio. Nilitaka kuja tangu siku ile. Usiondoke, Mbwana. Tufanye kazi hii wawili, faida nusu kwa nusu. Siku hizi hata chai hainishuki."

Mbwana akakaa juu ya godoro. Kisha akaanza kuifungua kamba.

"Ungelisema hilo mapema," akasema, "nisingehangaika na mafundo haya."

Jioni Evelina akapanda treni yake, maboksi yamejaa kuku waliochinjwa na Mbwana. Wale kuku wa kwanza Penina akawapika, akaita majirani wa kanisani, watu wakala mpaka wakalegea. Mbwana alikaa katikati yao na sahani ya ugali na mlenda, akimsimanga Zablon kwa kila paja lililopita mbele yake, na Zablon akicheka huku machozi yanamtoka, akimwongezea mlenda.