Kisu cha Mkono wa Kulia

Mkamwana wangu ni mtu mwema, na wema wake nusura uniue. Siku niliyorudi kutoka hospitali na kiharusi changu, alikusanya visu vyote vya nyumba hii, akavifungia kabatini chumbani kwake, na ufunguo akautia kifuani. "Mama, wewe pumzika tu," akasema. Nimepika shule ya bweni miaka ishirini na sita, nimelisha watoto mia tatu kwa siku, halafu napumzishwa na binti ambaye karoti zake zinatoka nene kama vidole gumba!

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala, sikio halisikii, shavu halisikii, lakini mdomo ulibaki mzima, wanaonijua watakuambia. Mkono wa kushoto nao ulikuwa mzima ila mjinga, maana maisha yake yote ulikuwa haujafanya zaidi ya kushikilia. Nilitaka kitu kimoja tu, kukata mboga za nyumba yangu mwenyewe. Kufua, kufagia, kwenda sokoni, hayo yote nilikuwa radhi kumwachia mkamwana.

Mume wangu alinisikia nikinung'unika. Yeye alikuwa fundi wa kunoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Mzee Tupa. Asubuhi moja akainama uvunguni, akatoa kipande cha msumeno wa mviringo uliovunjika enzi za kiwandani. Akakifuta vumbi, akakigonga kwa ukucha, kikalia.

"Nakutengenezea kisu," akasema.

"Na tanuri utalitoa wapi?"

"Tanuri la nini? Chuma hiki kilishapikwa huko kilikotoka. Kazi yangu mimi ni kutokiunguza."

Akachora umbo la kisu kwa chaki, akaazima grainda kwa jirani mchomeleaji, akaweka ndoo ya maji miguuni. Alishika chuma kwa vidole vitupu, makusudi. Vidole vikianza kuhisi moto, anachovya ndooni, anavuta pumzi, anaanza tena. Aliniambia chuma kikigeuka buluu kwa joto hakishiki makali tena, na hakuna dawa. Basi ikawa kusaga kidogo, kuchovya sana, na mimi kwenye kiti changu cha barazani nikitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Umbo lilipotokea akarudisha grainda, akabana chuma kwenye jiliwa, akaendelea kwa tupa. Hapo nilimwachia, kwa sababu mtu huyu akishika tupa hasikii la mtu. Alinoa upande mmoja tu, kama alivyozoea. Hata kisu changu cha bwenini alikinoa hivyo, ubavu mmoja bapa na mwingine mteremko, na kabichi ilikuwa ikianguka nyembamba mpaka wapishi wenzangu wakanionea gere.

"Baba, ndiyo unamtengenezea mama silaha?" mkamwana alimuuliza siku moja.

"Namtengenezea kazi," akajibu, bila kuinua kichwa.

Mchana mmoja nilikuwa nasinzia. Nikafumbua jicho kidogo nikamwona ameulaza mkono wangu wa kulia juu ya kipande cha boksi, anauzungushia penseli ya seremala, kidole baada ya kidole. Nikadhani ni mapenzi ya uzeeni tu. Nikajitia usingizi nisimwaibishe.

Baada ya wiki saba akaniletea kisu kimefungwa kitambaani. Mpini aliuchonga kutoka mguu wa kiti kilichovunjika, akaubana kwa ribiti za shaba, na uling'aa vizuri mno. Mkamwana alisimama mlangoni, roho juu. Nikaweka kiazi ubaoni, nikashika kisu kwa mkono wa kushoto.

Mpini ulinikataa. Vishimo alivyochonga vya kukalia vidole vilikuja chini ya kiganja, na kidole gumba kikakosa pa kukaa. Nikapiga moyo konde, nikakata. Kisu kikakwepa upande, kiazi kikaviringika, ncha ikachoma meza. Nikajaribu tena, kipande kikatoka kinene huku na chembamba kule.

"Mama, tafadhali." Mkamwana alikuwa ameshafika mezani, mkono ameunyoosha. "Nipe. Umejaribu, inatosha."

Sikumpa. Nilikigeuza kile kisu nikakitazama. Mteremko ulikuwa upande wa kulia, kama wa kile cha bwenini nilichokuwa nikikishika kwa mkono wa kulia.

"Mzee," nikasema, "hiki ni cha mkono gani?"

Alitazama kisu, akatazama mkono wangu, na nikaona uso wake ukinyong'onyea.

"Daktari alisema mkono utaamka ndani ya miezi sita," akasema taratibu.

"Huu ni wa tisa."

"Najua. Nilifikiri kisu kikiwa tayari, na mkono nao utakuwa tayari."

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Wiki saba! Halafu nikakumbuka mafuta. Kila asubuhi tangu nitoke hospitali alikuwa anaketi upande wangu wa kulia na chupa ya mafuta, anausugua ule mkono kuanzia begani, anauhadithia habari za mtaa. Hasira zikaniishia, nikamwonea huruma.

"Hauamki, mume wangu," nikasema. "Mimi nilijua tangu mwezi wa tatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unausugua kwa raha."

Akachukua kisu, akatoka nje barazani. Tukasikia nyundo, mkamwana akadhani anakivunja, akaanza kulia. Kumbe alikuwa anang'oa ribiti. Baadaye akarudi na kipande cha boksi na penseli.

"Nipe mkono," akasema.

Nikampa wa kushoto. Aliuchora polepole sana, kama mtu anayejifunza njia ya nyumba mpya.

Ilimchukua siku nne. Alichonga mpini mwingine, akahamishia mteremko upande wa pili, na kisu kikapungua upana. Ukikitazama vizuri bado utaona kwenye ubavu wa kulia mstari mwembamba wa mteremko wa kwanza. Juu ya hapo alipigilia misumari miwili kwenye ubao, ncha zikichungulia juu, nichomeke kiazi kisiviringike.

Nikakata. Kipande cha kwanza kilianguka kushoto, chembamba, sawasawa kutoka juu hadi chini. Cha pili pia. Nikamaliza viazi sita, taratibu, nikadai na karoti. Mkamwana alitazama mpaka mwisho, kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo wa kabati, akauweka mezani karibu yangu.

Asubuhi iliyofuata mume wangu alikuja na chupa ya mafuta kama kawaida. Akasita kidogo mbele yangu, kisha akahamisha kigoda, akaketi upande wa kushoto.

"Huu ndio unaochoka siku hizi," akasema.

Nikampa. Halafu nikaunyanyua na ule wa kulia, nikaulaza mapajani mwake, usije ukaona wivu.